Neno la Kusimamisha Roketi

Leo nimeadhirika, jamani. Na aliyeniadhiri si adui wala mchawi. Ni neno la herufi nne nililolichagua mwenyewe, kwa akili zangu timamu, na siku niliyolichagua nilijipongeza kwa soda baridi.

Naomba msome kwa adabu. Hili si jambo la kucheka. (Wewe unayetabasamu kabla hata sijaanza, nimekuona.)

Kwa wasionijua, naitwa Neema. Nasoma shahada ya pili ya kompyuta, na mada yangu ni urushaji wa roketi. Hapana, sina roketi. Mtu kama mimi hakabidhiwi hata kiberiti. Roketi yangu imo ndani ya kompyuta na haijawahi kumuunguza mtu.

Kurusha roketi ni kazi ya watu wengi walio sehemu mbalimbali. Huyu anajaza mafuta, yule anaangalia usalama wa bahari na anga, mwingine anatoa amri, na mara nyingi hata hawaonani. Kwa hiyo badala ya kuigiza kazi yote ndani ya kompyuta moja, mimi natumia kompyuta zilizotawanyika. Kila moja inashika kazi ya kituo kimoja, na zinazungumza kwa mtandao. Halafu nachunguza: kituo kimoja kikichelewa, au mtu wake akichanganyikiwa, operesheni nzima inakuwaje? Basi. Hiyo ndiyo mada iliyonizeesha kabla ya wakati.

Mara ya kwanza nilipokwenda mbele ya jopo, kompyuta zangu zote nilizipanga juu ya meza moja. Mwenyekiti wa jopo anaitwa Dokta Mushi. Ni mtu asiyecheka. (Inasemekana aliwahi kucheka siku moja, akajuta.) Alizunguka ile meza taratibu, akaniangalia, akasema: "Binti, huu siyo mtawanyiko. Hii ni meza."

Wakanirudisha. Na utaratibu wa chuo chetu hauna huruma: jopo likikukataa mara ya pili, mada yako inafutwa, unaanza upya na mada nyingine. Miaka yangu yote ya kukesha na roketi, kwaheri. Leo ndiyo ilikuwa hiyo mara ya pili. Niliogopa hadi nikashindwa kumaliza chai.

Safari hii nilitawanya kwelikweli. Kituo cha mafuta nilikiweka Chanika, nyumbani kwa mwanafunzi mwenzangu Hamisi. Kituo cha usalama nilikiweka Gongo la Mboto, kwa rafiki yangu Salha, chumba cha nyuma ya duka la mama yake, kwa sababu pale mtandao haukatiki. Kituo cha amri kilikuwa mimi mwenyewe, ukumbini chuoni, Kinondoni, mbele ya jopo.

Na nikaongeza fahari yangu. Mitambo ya watu huko duniani inaelewa Kiingereza. Wangu nikaufundisha Kiswahili. Maneno matatu tu. TAYARI, yaani kituo kiko sawa. BADO, yaani subirini. Na la tatu, lile la hatari, la kusimamisha kila kitu papo hapo: ACHA.

Nililipenda hilo neno. Fupi, lina makali, hata mtoto analijua. Kanuni yangu ilikuwa kwamba kituo chochote kikisema "acha", operesheni inasimama kwanza, maswali baadaye. Tulilijaribu wiki nzima mimi, Hamisi na Salha. Tulikuwa tunalitamka kwa heshima kama watu wanaoapishwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba hapa mjini neno hilo lina kazi nyingine.

Sasa leo.

Asubuhi nafika ukumbini, namkuta Baba keshakaa kiti cha nyuma. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, alihamia Dar kutoka Bukoba na chaki mfukoni. Alikuwa amevaa suti yake ya harusi na misiba mikubwa. Wageni wanaruhusiwa kusikiliza, lakini sikumwalika. Alijialika. Kanisani kwetu ameshawatangazia watu kwamba binti yake anarusha roketi, na nadhani alitaka kuhakikisha.

Nikampigia Salha.

"Uko sawa?"

"Niko sawa, ila hedifoni zimekufa asubuhi hii. Natumia kipaza sauti cha kompyuta yenyewe."

"Kuna kelele hapo?"

"Hamna. Nimemwambia mama asiwashe redio. Kazima."

Nikaridhika. (Kumbe Bi Thureya, mama yake Salha, alizima redio kweli. Mazungumzo hakuyahesabu kama kelele. Na mimi pia sikuyahesabu.)

Jopo likaingia, tukasalimiana, nikaeleza mambo yangu vizuri tu. Dokta Mushi akatikisa kichwa kidogo. Kwake huyo, hiyo ni sawa na vigelegele.

"Anza," akasema.

"Chanika, kituo cha mafuta?"

"Tayari!" Hamisi alijibu kwa sauti nzito ya kutangaza taarifa ya habari.

"Gongo la Mboto, kituo cha usalama?"

"Tayari," akajibu Salha.

Sauti ya kituo inasikika ukumbini pale tu ninapokiuliza. Baada ya hapo inakwenda kwa mashine peke yake. Nikabonyeza. Namba zikaanza kushuka kwenye skrini kubwa. Mafuta yanasoma vizuri. Upepo unasoma vizuri. Nikamwona Baba amesogea mbele kwenye kiti.

Mara skrini ikawa nyekundu. OPERESHENI IMESITISHWA. AMRI: ACHA. KITUO CHA USALAMA.

Nikamtumia Salha ujumbe chini ya meza. "Umesitisha?"

"Sio mie."

"Sasa nani?"

"Sijui shoga angu, mie nimekaa kimya kama maji mtungini."

"Kuna nini?" akauliza Dokta Mushi.

Hapa ndipo nilipoharibu. Jibu la kweli lilikuwa fupi sana: sijui. Lakini jopo lilikuwa linaniangalia, Baba ananiangalia, na nikaiona mada yangu inafutwa kwa dasta. Mdomo ukaniponyoka.

"Kuna meli, Dokta. Imeingia eneo la bahari linalotakiwa kuwa wazi. Kituo cha usalama kimeiona, kikasitisha."

Dokta Mushi akaandika kitu. "Vizuri," akasema. "Vizuri sana." Mjumbe mwingine wa jopo, mama mmoja mpole mwenye kilemba, akanitabasamia. Nilijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja.

Tukaanza tena. Chanika tayari, Gongo la Mboto tayari, namba zinashuka. Nyekundu! Kituo cha usalama tena.

"Meli?" akauliza Dokta Mushi.

"Ndiyo, Dokta."

"Ile ile?"

"Hapana... nyingine."

"Ya nini?"

"Ya mizigo." (Jamani, kwa nini nilitaja mizigo? Nani aliniuliza mizigo?)

Akaishika kalamu bila kuandika. "Bahari yako ina foleni kama Mbagala."

Yule mama mwenye kilemba akainua mkono taratibu. Alisema jambo zuri tu, kwa nia njema, na ndilo lililonimaliza.

"Mwenyekiti, mimi ningependa kukisikia kituo cha usalama chenyewe. Mruhusu afungue sauti yao muda wote, hesabu ikiendelea. Tusikie wanavyofanya kazi."

Ningekataa kwa sababu gani? Nikafungua sauti ya Gongo la Mboto kwenye spika za ukumbi. Nikaanzisha hesabu upya.

Kwanza tukasikia feni. Halafu sufuria ikigongana na sufuria nyingine. Halafu sauti ya mwanamke, karibu kabisa na pazia la chumba cha Salha, sauti ninayoijua kuliko namba yangu ya simu.

"...nakwambia Bi Thureya, dirisha la chumba chake na jiko langu la nje, hivi na hivi. Mie nasikiaga kila kitu."

Mama Koleta! Jirani yetu wa Chamazi! Yeye huenda Gongo la Mboto kuchukua vyombo kwa Bi Thureya kwa bei ya jumla, aje kuuza mtaani kwetu. Siku zote za mwaka, akaichagua ya leo.

"Yupi? Yule binti wa mwalimu?" akauliza Bi Thureya.

"Huyo huyo. Msomi. Anayekataaga posa za watu."

"Acha!"

Skrini nyekundu. AMRI: ACHA. KITUO CHA USALAMA.

Ukumbi mzima ukaitazama skrini. Halafu ukanitazama mimi. Hapo nikaelewa kila kitu kwa mpigo, na nikatamani roketi iwe ya kweli na mimi niwe ndani yake. Nikaupeleka mkono kuzima sauti. Dokta Mushi akasema bila kuinua uso, "Usiguse."

"Jioni anajifungia," Mama Koleta akaendelea. "Mie nakaanga samaki zangu. Namsikia: 'Tayari?' Kimya. 'Bado.' Kimya. 'Tayari?' Kimya. Halafu anapaza sauti: 'Acha!'"

Nyekundu. Hiyo ilikuwa ya Mama Koleta mwenyewe, aliniigiza vizuri mno.

"Subhanallah. Yuko na nani humo?"

"Sasa ndo nikuulize wewe! Wiki nzima, Bi Thureya! Wiki nzima 'tayari, bado, acha', 'tayari, bado, acha'."

"Acha we!"

Nyekundu.

"Haki ya Mungu tena. Na baba yake yupo sebuleni anasikiliza habari!"

"ACHAAAA!"

Mtambo ukalipokea hata hilo refu, ambalo hatukuwahi kuufundisha. Kutoka Chanika, Hamisi, ambaye hakuwa anasikia chochote zaidi ya kuona amri zinaingia mfululizo, akatuma ujumbe uliotokea pale pale kwenye skrini kubwa: "Sista, mtambo leo unasikia vizuri hatari! Hongera!"

Sikugeuka kumwangalia Baba. Nilisikia tu kiti chake kikilia.

"Binti," akasema Dokta Mushi. "Chumbani ulikuwa unazungumza na nani?"

"Na kompyuta, Dokta."

"Unaweza kuthibitisha?"

Jamani, nimewahi kuthibitisha nadharia ngumu, lakini hii! Nikafungua faili za mafunzo ya sauti. Zikaanza kucheza kwenye spika zile zile, sauti yangu mwenyewe, moja baada ya nyingine. Tayari. Bado. Tayari. Acha. Ukizisikiliza ukijua ni roketi, ni kazi safi. Ukizisikiliza baada ya Mama Koleta, jamani, hata mimi niliinamisha kichwa.

Yule mama mwenye kilemba alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Dokta Mushi hakutikisika.

"Zima," akasema. Nikazima. "Sasa niambie. Meli ziko wapi?"

"Hakuna meli, Dokta. Nilimuuliza Salha kwa ujumbe, akasema hajui."

"Ya mizigo?"

"Haipo pia."

Akavua miwani. Nilitegemea atafoka. Angefoka ingekuwa nafuu.

"Mashine yako haikukosea hata mara moja. Iliambiwa 'acha', ikaacha. Kituo cha usalama nacho hakikukudanganya, kilikwambia hakijui. Aliyekosea ni kituo cha amri. Uliulizwa sababu, hukuijua, ukaitunga. Katika urushaji wa kweli, ukitunga meli leo, siku ikija meli yenye watu ndani yake hakuna atakayekuamini. Unanielewa?"

Nilielewa. Aibu ya Mama Koleta ilikuwa ya usoni tu, lakini hii iliingia ndani. Nimesomea kwa nini operesheni zinaharibika, nimejaza kurasa kuhusu watu wanaoficha wasichokijua, na nilipokaa kwenye kiti chao mimi mwenyewe nilificha mara mbili kabla ya chai ya saa nne.

"Nimekosa, Dokta," nikasema. "Sikujua sababu. Niliogopa mada isije ikafutwa." Machozi yalikuwa karibu, sikuyazuia vizuri.

Wakatuambia tusubiri nje wajadiliane.

Kwenye korido tulisimama mimi na Baba. Yeye anaangalia ubao wa matangazo. Mimi naangalia viatu vyangu.

"Baba," nikasema mwishowe. "Ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia."

"Ukadhani nini?"

Akakohoa. Akaweka sawa tai yake. "Mimi na mama yako tulidhani unasali. Kilokole. Tulidhani unakemea kitu." Akauangalia tena ubao wa matangazo. "Tukasema tusikuingilie, tukawa tunakuombea na sisi."

Nikashindwa kujizuia, nikamkumbatia pale pale koridoni na suti yake ya misiba. Baba yangu si mtu wa kukumbatiwa. Alisimama wima, lakini hakujitoa.

Mlango ukafunguliwa. Tukaitwa.

"Mada haijafutwa," alisema Dokta Mushi. "Wala haijapita. Jopo limeona kwamba leo, kwa mara ya kwanza, umeleta kitu ambacho hukukipanga. Operesheni ilivurugwa na watu wanaoongea kama watu. Hilo ndilo unalolisomea. Utaandika sababu ya kweli ya kila usitishwaji. Neno 'meli' lisionekane."

"Niandike nini, Dokta?"

"Umbea," akasema yeye, mtu asiyecheka, akitamka kila herufi. "Andika umbea."

Halafu akatoa sharti. Nirekebishe mtambo uweze kutofautisha amri na mazungumzo, kisha nirudi wiki ijayo. Kituo kile kile, Gongo la Mboto. Kipaza sauti kile kile, kiko wazi. Neno lile lile, marufuku kulibadilisha. Na watu wale wale wawili wakiwa pale, wakiongea kama walivyoongea leo. Roketi ikiruka katikati ya mazungumzo yao, nimepita. Isiporuka, au wasipoongea, mada imekwisha.

"Wasipoongea pia, Dokta?"

"Wasipoongea tutakuwa tumejaribu nini?"

Bi Thureya hakunipa tabu. Salha alimweleza, naye akaniambia kwenye simu, "Mwanangu, mie kazi yangu kusema acha tu, anayeleta habari ni mwenzangu." Kwa maneno mengine, shahada yangu yote sasa ilikuwa juu ya Mama Koleta.

Nikarudi Chamazi. Jioni nikaenda kwake. Alikuwa anapanga sufuria mpya barazani, mtulivu, na uso wa mtu asiye na deni na binadamu yeyote.

"Shikamoo Mama Koleta."

"Marahaba mwanangu! Karibu. Mbona leo hatujakuona? Masomo yanaendeleaje?"

Nikakaa. Sikumwambia kilichotokea, kwa sababu akijua kwamba maneno yake ya Gongo la Mboto yalisikika Kinondoni hatafungua tena mdomo hadi kiama, na mimi nitakuwa nimekwisha. Nikamwambia tu kwamba wiki ijayo nina kazi ya chuo dukani kwa Bi Thureya, na ningefurahi sana akiwepo, akae na mwenzake, waongee.

"Tuongee nini?"

"Chochote, Mama Koleta. Mambo ya mtaani tu. Nani kafanya nini. Vile mnavyoongeaga."

Akaiweka chini sufuria aliyokuwa ameishika. Akaniangalia kwa masikitiko makubwa, mkono kifuani, kama mtu niliyemtukania wazazi.

"Mie?" akasema. "Mie, Neema? Mie mambo ya watu siongeagi hata siku moja. We muulize yeyote hapa Chamazi."

Nimejaribu kila njia, amekataa katakata. Anasema nimemkosea heshima. Hivi sasa niko chumbani, dirisha limefungwa, naandika kimyakimya. Msinicheke, jamani. Mwenye umbea wa moto anitumie nikaupitishe jikoni kwa Mama Koleta, aupeleke mwenyewe Gongo la Mboto wiki ijayo. Uwe mtamu, uwe mrefu, na nawaomba kwa heshima zote, usiwe wangu.